Mke Mwenza wa Alumini

Yule bibi mwenye baibui jeusi mnayemwona kwenye simu zenu, anayeteremka kilima ndani ya gari la mashindano la buluu, mdomo wazi mpaka meno ya kubandika yanaonekana, ni mimi. Sikatai tena. Mwanzoni nilikataa, nikasema dunia ina watu wawili wawili, huenda ni mtu tumefanana, lakini mtu gani huyo amefanana nami mpaka pete, mpaka mtandio, mpaka kelele? Video imefika Tanga. Dada yangu kanipigia akashindwa kusema, nikasikia kicheko tu na kukohoa, halafu simu ikakatika. Kwa hiyo bora nieleze mwenyewe, maana watu wa South Beach, mtaa wetu hapa Durban, wakikueleza wewe wanatia chumvi na pilipili na ndimu juu (nimesikia eti nilikuwa nimelewa, mimi, Zaina, niliyehiji!).

Ili mnielewe lazima nianze na mume wangu, Mzee Shomari, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa bodi. Gari likigongwa likawa kama kopo lililokanyagwa na punda, yeye analirudishia sura yake, na akimaliza hujui palipopigwa. Tulipohamia Durban kutoka Tanga, watoto wakiwa wadogo, alipata kazi kule Jacobs, kwenye viwanda, ambako hata hewa ina ladha, katika gereji ya mzee mmoja wa Kihindi. Na jioni moja karudi nyumbani, mimi nasonga ugali, hajanipa hata salamu, kasimama mlangoni akasema:

"Zaina, leo nimemwona mwanamke."

Nikaweka mwiko chini. (Mwiko wa moto, kumbukeni, na mkono wangu mnaujua.)

"Mwanamke gani?"

"Mrefu. Pua ndefu, kiuno chembamba, nyuma amefunga kama yai. Wamemfunika turubai, kuku wanamlalia."

Ndipo nikaelewa ni gari. Mzee wa gereji alikuwa nalo kwenye banda la nyuma, gari la mashindano la zamani sana, la mtu mmoja, injini yake iko mbele chini ya pua ile ndefu na dereva anakaa nyuma kabisa, karibu na mkia, kama mtu aliyepanda ngamia upande usiofaa. Lilitengenezwa Ulaya na mafundi waliokuwa na macho, maana kila mtu anasema hakuna aliyewahi kuchora gari zuri kama lile, na halikuwahi kushinda hata shindano moja. Hata moja! Nilimwuliza Shomari, uzuri wote huo linashindwaje? Akanieleza kwa mfano, kwa sababu alijua mkewe shule aliipitia dirishani.

"Fikiria mkokoteni. Siku zote ng'ombe yuko mbele anavuta. Hawa jamaa wakakaa miaka wanatengeneza ng'ombe mzuri, pembe zimepakwa mafuta, nundu imesimama. Walipomaliza wakafika uwanjani wakakuta wenzao wamemweka ng'ombe nyuma."

"Ng'ombe nyuma ya mkokoteni? Anafanya nini huko?"

"Anasukuma. Na anashinda."

Tulicheka mpaka ugali ukashika chini. Lakini baada ya kucheka akasema, kwa sauti kama anayezungumzia ndugu yake, "Halikuwa baya, Zaina. Lilichelewa tu."

Basi. Kutoka siku ile nikawa na mke mwenza. Kila jioni kazi ikiisha wenzake wanapanda taxi kurudi makwao, yeye anabaki na mke mwenza wangu wa alumini. Pua yake ilikuwa imeoza na kupondeka, akaifanya upya yote, kipande kwa kipande, kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga, na akirudi nyumbani ananieleza alipofikia, na kwa kuwa hakujua kuchora alikuwa anachukua tonge la ugali anafinyanga ile pua hapo hapo sahanini, anaizungusha mbele ya taa, "Hapa inapanda, halafu hapa, angalia, hapa inashuka kama shingo," na watoto wanangoja amalize waile. Wanangu wamekula pua za gari miaka mingi. Mmoja sasa ni mwalimu, mmoja muuguzi, na mjukuu wangu Salma anasoma uinjinia chuo kikuu pale Westville, tena anaongoza darasa, wavulana wako nyuma yake (naliweka hilo hapa mapema ili mjue kwamba ukoo wetu si ukoo wa vichekesho tu).

Mimi lile gari sikuwahi kuliona. Gerejini wageni walikuwa hawaruhusiwi, na lilipokamilika mzee wa Kihindi akalipeleka nyumbani kwake akalifungia. Shomari alikuwa akienda kulifuta vumbi sikukuu, na kila akirudi ananiambia, "Nitakupeleka. Nitakukalisha pale pale dereva anapokaa, uone dunia kutoka nyuma ya ile pua." Nikamwambia sitaki kumsalimia mke mwenza, asubiri yeye aje anisalimie mimi. Utani wetu ulikuwa hivyo. Halafu sukari ikampanda, ikamchukua macho, ikamchukua miguu, mwisho ikamchukua mwenyewe.

Jamani, kufiwa si kule kulia kwa siku za mwanzo. Siku za mwanzo nyumba imejaa watu, sufuria zinagongana, hujui hata unalia nini. Kufiwa ni baadaye, unakaa peke yako ghorofani, unasikia lifti inapanda, na sikio lako, sikio pumbavu, linasimama kusikiliza kama itafungukia kwako. Mimi nina picha zake, nina kofia yake, nina suruali zake za kulalia (hizo nitazitaja tena, vumilieni). Lakini mahali alipokuwa na furaha yake yote, mahali alipokuwa anakaa mpaka jua linazama, sijui hata pananukaje. Ilikuwa inanikera. Usiku na mchana inanikera.

Sasa mwaka huu Salma kaja mbio, hajafika hata sebuleni, "Bibi! Lile gari la Babu lipo!" Kumbe mzee wa Kihindi naye alishatangulia mbele ya haki, na kijana wake Devan ameliuza kwa mtu wa ng'ambo, litapakiwa melini. Lakini kabla ya kuondoka litaoneshwa kwenye siku ya magari ya zamani, Jumapili, uwanja wa shule moja Westville, watu wanakunywa chai wanatazama magari. Baada ya hapo linaingizwa kwenye kontena moja kwa moja na kwaheri.

Nikamwambia Salma, "Mimi nataka kitu kimoja tu. Nataka kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Pale alipokaa babu yako. Mara moja tu. Halafu waende nalo popote."

"Nitamwomba Devan, Bibi. Lakini lazima tuombe kwanza, sawa?"

"Sawa." (Mwenyezi Mungu ni shahidi, nilisema sawa.)

Jumapili tukaenda, mimi na Salma na jirani yangu Mama Bea, Mkongo wa Bukavu, ambaye magari hayamhusu lakini alisikia kutakuwa na keki. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ule upepo wa Julai unaoingia mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo ndani ya baibui nilivaa suruali ya kulalia ya marehemu, ile nzito ya mistari. Nani ataiona? Ndivyo nilivyojiuliza, na mtaona nilivyojibiwa.

Westville yote ni milima na miti, na uwanja wenyewe umekatwa kwenye mteremko, juu wamepanga magari, chini kuna hema la chai na marobota ya majani makavu wameyapanga kupendezesha, kama viwanja vya mashindano vya zamani. Wazungu wazee kwa kofia, Wahindi na watoto wao, na hapo tukakutana na Profesa Mutua, Mkenya, mwalimu wa Salma mwenyewe, kavaa koti zuri na kikombe cha chai mkononi.

"Shosho, karibu sana," akaniambia, kainama kwa heshima. "Huyu Salma wenu ni moto. Mimi nawaambia wale wengine, angalieni huyu."

Mimi nikavimba kama andazi. Nikamwambia, "Mwanangu, kwetu sisi heshima ndiyo kwanza, akili baadaye." Nilisema kwa kinywa changu. Mkumbuke.

Halafu nikaliona.

Lilikuwa mwisho wa mstari, wamelizungushia kamba. Sikuhitaji kuoneshwa. Nililijua kama unavyomjua mtoto wa ndugu yako ambaye hujawahi kumwona, unamwona tu kwenye umati unasema huyu ni wetu. Pua inapanda, halafu inashuka kama shingo. Buluu ya asubuhi, imeng'aa mpaka nikaona mtandio wangu unapita juu yake. Pembeni yake walikuwa wameweka moja la yale ya ng'ombe nyuma, lile lililokuwa linashinda, na nawaambieni ukweli, lilikuwa baya kama kombamwiko, fupi, tumbo chini. Watu walikuwa wanalipita lile la ushindi wanakuja kusimama mbele ya letu. Nikasema kimoyomoyo, Shomari, njoo uone.

Nikalisalimia. "Shikamoo mke mwenza," nikasema, polepole.

"Iko nakujibu?" akauliza Mama Bea, mdomo umejaa keki.

Salma akaenda kumtafuta Devan. "Bibi, usiguse kitu. Nakuja sasa hivi." Akakawia. Tukiwa pale mtu wa kipaza sauti akawa anatangaza, na kijana mmoja wa Kitanzania aliyesimama karibu akanitafsiria: magari yatapita kidogo kuonesha watu, lakini hili la buluu halitapita, linangojewa na lori la kontena pale getini. Nikageuka nikaona kweli, lori limefika, milango ya nyuma iko wazi, ndani kiza.

Salma akarudi amekunja uso. "Devan anasema yuko bize, Bibi, labda baadaye kama kuna nafasi."

"Baadaye ipi? Lori lile pale."

"Ngoja nirudi nikamweleze vizuri wewe ni nani. Sikumwambia vizuri." Akaondoka tena mbio.

Na hapo ndipo nilipoamua. Jambo lenyewe dogo, uamuzi wa kijiko cha sukari. Nikajisemea, nitakaa pumzi mbili tu, nitoke, atakaporudi na ruhusa nitakuwa nimeshamaliza, hatutamsumbua mtu. Mlinzi, mzee wa Kizulu mwenye kofia, alikuwa amegeukia upande wa magari yanayonguruma. Nikamwambia Mama Bea angalia watu. Nikainama nikapita chini ya kamba.

Ubavu wa gari ulinifika kiunoni, na magoti yangu haya hayapandi kitu bila msaada. Nikatazama huku na huku. Na hapo, mbele ya gurudumu, ameweka mtu kipande kizuri cha mbao, cha mraba, kimechongwa mshazari upande mmoja. Sasa nyinyi mliokulia jikoni mnanielewa. Kwetu ukikuta kipande cha mbao cha chini kimewekwa kando ya kitu, hicho ni kigoda, kimewekwa ili mtu akae au akanyage. Kwa mama yangu hapakuwa na mlango wala mtungi wala jiko lisilo na kigoda chake pembeni. Nikasema, wamefikiria wazee, Mungu awabariki. Nikakivuta. Kilikuwa kimebana kidogo, nikakivuta kwa nguvu. Nikakiweka ubavuni nikakikanyaga. Viatu nilikuwa nimevivua nikavipanga chini vizuri, kwa sababu huwezi kukanyaga kiti cha mtu na viatu.

Kuingia sasa. Mguu wa kwanza uliingia. Wa pili uliingia. Usukani wa gari lile ni mkubwa kama ungo, na mahali pa kukaa ni pembamba, palitengenezwa kwa ajili ya kijana asiyekula, lakini nilivuta pumzi, nikasema bismillahi, nikashuka, na nyonga zangu zikashuka nami, zikafika chini kwa sauti kama kizibo kinavyoingia chupani. Nikakaa.

Jamani.

Harufu ilikuwa yake. Mafuta mazito, ngozi ya kiti, chuma, na kitu kingine kama njiti ya kiberiti iliyozimwa. Hiyo ndiyo harufu aliyokuwa anaingia nayo nyumbani, nami nilikuwa namwambia kaoge! Miaka yote namwambia kaoge. Mbele yangu ile pua imenyooka kwenda mbali, na juu yake wingu na miti na kichwa cha Mama Bea, vyote vimepinda. Nikaingiza mkono ndani, pale chini ya usukani, ambapo rangi haijafika, kwa nje bati ni laini kama maji lakini kwa ndani, upande ambao hakuna anayeutazama, kumejaa alama za nyundo. Vishimo vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine, vimepangana kama nyayo za kuku aliyepita kwenye udongo mbichi. Zote zake. Nikaweka kidole kwenye kimoja, nikaenda kingine, nikaenda kingine. Nilisahau pumzi mbili. Nilisahau Westville. Kama malaika wa kifo angenijia pale ningemwambia ngoja kidogo, bado sijafika mwisho wa mstari huu.

Aliyenijia ni Mama Bea. "Mama Zaina! Toka! Mutu wa kofia iko nakuya!"

Nikataka kutoka. Nikasukuma chini kwa mikono, sitoki. Nikajipinda kushoto, nikajipinda kulia, sitoki. Nikainua goti niweke mguu mahali, goti likagonga fimbo ya gia iliyokuwa hapo kando, ikasema "kla," ikaruka mahali ilipokuwa. (Salma ananiambia ile gia na kile kipande cha mbao ndivyo vitu pekee vilivyokuwa vinalishika gari. Vyote viwili nimeviondoa mimi, na sikusomea.)

Mwanzoni nilidhani ni Mama Bea anayerudi nyuma. Kisha nikaona kamba inakuja, ikanyanyuka juu ya pua, ikapita juu ya kichwa changu ikaondoka na mtandio.

"Motokari iko natembea!" Mama Bea kapiga ukelele wa Bukavu nzima. "Frein! Kanyaga frein!"

"Breki iko wapi?"

"Miye najua? Kanyaga yote!"

Nikakanyaga vyote, kwa soksi, na hakuna kilichosikia. Mteremko ukatuchukua. Mlinzi anakimbia pembeni yangu kashika kofia, ananiita bibi kwa Kizulu, "Gogo! Hawu, Gogo! Shuka!" Nishuke wapi, baba, nimebanwa kama muhogo ardhini? Gari halikupiga kelele hata kidogo, ndilo jambo la ajabu, linateleza tu juu ya majani, taratibu, halafu si taratibu, na ile pua inapanda inashuka mbele yangu kama inapumua. Watu wakageuka. Wakadhani ni sehemu ya maonesho! Wakapiga makofi! Mzee mmoja wa Kizungu kavua kofia kabisa. Mtu wa kipaza sauti kasema jambo, umati ukashangilia, na yule kombamwiko wa ng'ombe nyuma ndio kwanza anawashwa, anakohoa, hawaki, nikampita nimesimamisha kichwa maana sikuweza kukiinamisha.

Nitasema neno, mniseme mkitaka. Kwa muda mdogo pale katikati, kabla sijaona meza, niliona. Dunia kutoka nyuma ya ile pua. Alikuwa amesema kweli.

Halafu nikaiona meza. Meza ya chai, na nyuma yake marobota ya majani, na mbele yake Profesa Mutua na kikombe chake, ananitazama ninavyomjia, na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi bibi huyu.

"Tokaaa!" nikamwambia. Heshima ndiyo kwanza.

Akaruka. Meza haikuruka. Keki tatu za sponji na birika kubwa vilienda upande mmoja, vikombe upande mwingine, pua ikaingia katikati ya marobota ikasema "mff," na tukasimama. Malai ya keki ilikuwa kwenye miwani yangu. Halafu simu zote zikainuliwa.

Eish. Kama ingeishia hapo ningesema nimepona, lakini nilikuwa bado nimekwama. Walinivuta. Mlinzi kashika mkono mmoja, Profesa Mutua kashika mwingine, profesa wa chuo kikuu, mkono kwapani kwangu!

"Shosho, pumua kwanza. Sasa tukisema tatu, unasukuma."

"Nisukume nini? Sizai mimi!"

Wakavuta. Kitu kikasema "chwaaa," kikasema kwa urefu, na baridi ikaniingia upande wote, baibui limepasuka kutoka kwapani mpaka chini, na pale mbele ya Westville, mbele ya kofia na koti na chai, ikatokea suruali ya kulalia ya Mzee Shomari na mistari yake yote. Hiyo ndiyo sehemu ambayo dada yangu huirudia.

Ndipo Salma akafika, na Devan nyuma yake, amewiva kama pilipili. Devan hakunitazama hata. Akaingiza mkono, akavuta kipini fulani, na usukani ukatoka wote, kama unavyofunua sufuria. Wanautoa kwanza! Kila dereva wa lile gari anautoa kwanza, ndiyo maana niliingia kwa shida vile. Nikanyanyuka kama malkia, mistari na yote.

Devan akapiga magoti mbele ya pua. Majani hayakuwa laini kama yalivyoonekana, ndani kulikuwa na kigingi, na upande wa kushoto, pale inaposhuka kama shingo, kulikuwa na bonde, kubwa kama kiganja. Aibu ya suruali iliisha, nikabaki na lile bonde. Shomari kaifanya ile shingo miaka, nami nimeivunja kwa pumzi mbili.

"Mwambie," nikamwambia Salma, "mwambie nisamehe. Mwambie mimi ni mke wa Shomari."

Salma akasema. Devan akainua uso.

"Shomari? Uncle Shomari wa nyundo?" Akasimama, akanitazama sasa, mtandio sina, malai kwenye miwani. "Aunty, kwa nini hamkusema toka mwanzo?" Nikamtazama Salma, Salma akatazama majani.

Nikauliza lile bonde litanyooshwa na nani. Akapapasa hapo kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akasema lori linangoja na meli haingoji, litaondoka hivyo hivyo, na huko linakokwenda watatafuta fundi, lakini kama Uncle Shomari hawatampata. Hakunifokea. Akawa anacheka kidogo, peke yake.

"Alikuwa anaimba, Aunty," akasema. "Akigonga. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nalala kwenye kiti gerejini namsikiliza."

Salma akanitafsiria, nikamwambia umekosea, uliza tena. Akauliza tena. Anaimba.

Shomari hakuwahi kuimba nyumbani kwangu. Si harusini, si bafuni, si kwa watoto. Nimelala na mtu yule maisha yangu yote, sauti yake ya kuimba siijui.

"Wimbo gani?"

Devan akafumba macho. Akajaribu, akatoa mlio mmoja puani, akaacha, akajaribu mwingine. "Sikumbuki, Aunty. Sikuwa naelewa maneno. Ulikuwa wa polepole."

Wakalisukuma gari kwenda getini. Nilisimama na baibui nimelishika kwa mikono miwili, Mama Bea kanifunga koti lake kiunoni, tukaangalia linapandishwa, mkia kwanza, ile pua ikawa ya mwisho kuingia, na bonde langu likielekea kwetu. Kisha milango.

Kutoka dirishani kwangu meli zinaonekana zikitoka bandarini. Sikujua lipo katika ipi, kwa hiyo wiki ile nilizipungia zote, hata za mafuta, mpaka Salma akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu.

Somo ni hili, na mlishike nyinyi mnaocheka: usiondoe kitu usichojua kimezuia nini. Nimeapa sigusi tena kipande cha mbao cha mtu, hata kama jiko linaungua. Na nyingine, hii ya moyoni: nilidhani nikikaa pale hamu itakatika. Haikatiki. Nilikwenda na hamu ya mahali, nikarudi na hamu ya wimbo, na hii ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu mahali pana kamba unaweza kupita chini yake. Kwa hiyo tazameni hiyo video mkitaka, chekeni, sharp, sawa tu, nimewaruhusu. Lakini kama kuna mtu kati yenu aliyefanya kazi Jacobs enzi zile, akapita jioni nyuma ya gereji akamsikia mtu wa Tanga anaimba polepole huku anagonga bati, aje aniambie. Hata kama anakumbuka mstari mmoja.